Babu aliadhibiwa wakati wa Mau Mau: umtafute kwa wazee, Nairobi au London?

Vijana wengi wa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru wanauliza swali moja siku hizi, na wenzao walioko ng'ambo wanaliuliza kwa hamu zaidi: nitapata wapi habari za babu aliyeadhibiwa wakati wa Mau Mau? Jibu wanalopewa huwa ni "nenda Makavazi", yaani hifadhi ya nyaraka za serikali jijini Nairobi, au "mafaili yote yako London". Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini yamewala watu nauli na likizo bila faida, kwa sababu yanaanzia mahali badala ya kuanzia kwa mtu mwenyewe. Kabla ya kuchagua pa kutafuta, jua kwanza alipewa adhabu gani. Adhabu ndiyo inayoamua kama jina lake liliandikwa, aliyeliandika ni nani, na karatasi hiyo iko wapi leo.

Adhabu hazikuwa za aina moja

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na haikuondolewa hadi Januari 1960. Katika miaka hiyo mtu aliweza kuadhibiwa kwa njia kadhaa, na familia nyingi huzichanganya zote katika kauli moja: babu alichukuliwa.

Wapo waliofikishwa mbele ya Mahakama Maalumu za Hali ya Hatari. Kuanzia Aprili 1953 hadi Desemba 1956 mahakama hizo zilisikiliza kesi za watu 2,609 walioshtakiwa kwa makosa ya adhabu ya kifo, na 1,574 wakahukumiwa kunyongwa. Mwanahistoria David Anderson, aliyepitia mafaili ya kesi hizo, amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Usidhani wote walishtakiwa kwa kuua. Kupatikana na bunduki au risasi kulitosha, kuwalisha watu kiapo cha Mau Mau kulitosha, hata kuonekana ukiandamana na wenye silaha.

Wapo waliofungwa jela na mahakama za kawaida kwa makosa madogo zaidi. Na wapo waliozuiliwa kambini bila kesi yoyote, ambao ndio wengi kupita wote. Serikali ya kikoloni ilikiri kuwazuilia watu wapatao 80,000. Mwanahistoria Caroline Elkins anakadiria kati ya 160,000 na 320,000. Pengo hilo lenyewe linakuambia kitu: ikiwa hata idadi ya waliopita kambini inabishaniwa namna hiyo, huwezi kutegemea kwamba kila mzuiliwa ana faili lenye jina lake likikungoja kwenye rafu.

Mwisho wapo walionyang'anywa ardhi, na hao wana njia yao ya peke yake, ambayo watu wengi hawaijui. Nitaifikia.

Wazee: njia isiyo na mbadala

Mimi nasema waziwazi kwamba kila mtu aanzie hapa, awe yuko Othaya au Manchester. Sababu yangu ni ya vitendo. Karatasi za wakati ule zimepangwa kwa wilaya, kwa lokesheni (eneo la chifu), kwa kambi na kwa nambari ya kesi. Ukienda na jina tupu utazama. Anayeweza kukupa lokesheni, jina la chifu na jina la kambi ni mzee aliyekuwako, na aliyekuwa na miaka kumi Nairobi ilipozingirwa mwaka 1954 sasa ni mtu wa miaka themanini na zaidi.

Maswali nayo yana mpangilio. Usianze na "babu alikuwa Mau Mau?" Swali hilo bado ni zito katika nyumba nyingi. Uliza kwanza majina. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, wa pili jina la babu yake mzaa mama, na hivyo katika ukingo mmoja wa mlima unaweza kukuta akina Kamau wa Njoroge kumi na zaidi wa rika moja. Uliza jina la mama yake, mbari (ukoo) yake, jina la utani, na rika alilotahiriwa nalo. Aliyekuwa wa "Anake a 40", rika la yapata 1940, si sawa na aliyetahiriwa mwaka 1947, na tofauti hiyo peke yake huweza kukutenganishia babu yako na binamu yake mwenye jina lilelile.

Halafu uliza jina la msituni kama alikwenda msituni. Jenerali China, aliyekamatwa Januari 1954, mahakamani alikuwa Waruhiu Itote. Majenerali na makepteni wadogo walikuwa hivyohivyo. Ukitafuta karatasini jina ambalo wapiganaji wenzake walimwita, unaweza kupita juu ya kesi yake bila kujua.

Kisha kambi. Hapa ndipo mzee anapoweza kukupa kitu ambacho ofisi yoyote itakuchukua wiki kukipata. Uliza kambi ya kwanza na kambi ya mwisho. Waliokusanywa Nairobi katika msako wa tarehe 24 Aprili 1954, uliowatia mbaroni watu zaidi ya 20,000, walichujwa, yaani kuhojiwa na kupangwa kwa madaraja, kambini Langata na wengi wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road kwenye njia ya reli. Kwenye mchujo huo, kama katika mingi mingine, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, aliyeitwa gakunia, ndiye aliyetikisa kichwa kumtambulisha mshukiwa. Wazee wanaikumbuka picha hiyo kuliko tarehe yoyote, nayo inakuonyesha kwamba babu alichujwa, na huenda hakufikishwa mahakamani.

Baada ya mchujo, mtu aliwekwa katika daraja: mweupe kwa asiyeshukiwa, wa kijivu kwa wa kati, mweusi kwa sugu. Aliyeonekana kulegea alisogezwa kambi moja hadi nyingine kuelekea kwao, na aliyekataa kukiri kiapo alipelekwa mbali. Kwa hiyo jina la kambi linazungumza. Aliyeishia Mwea, huko Thiba au Gathigiriri, alikuwa katika mkondo wa kuachiliwa, ijapokuwa mateso ya Mwea yanajulikana. Aliyetupwa kisiwa cha Manda kule Lamu, visiwa vya Mageta na Saiyusi katika Ziwa Victoria, Lodwar au Hola alihesabiwa miongoni mwa wasiotikisika. Hola ndiko wazuiliwa 11 walikopigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Mzee akikuambia babu alikuwa Hola "siku ile", umepata tarehe.

Nyanya usimsahau. Wanawake ndio waliobaki vijijini wakati serikali ilipowahamisha watu zaidi ya milioni moja na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na homgadi, walinzi Waafrika wa upande wa serikali. Wao ndio wanaojua nani alileta taarifa ya kifo, nani alikataa kuileta, na shamba lilikwenda kwa nani. Na wanawake wenyewe walizuiliwa, wengi katika gereza la Kamiti. Huenda unayemtafuta hasa ni nyanya, na hakuna aliyekuambia.

Udhaifu wa njia hii ni miaka na mpangilio wa matukio. Mzee anaweza kuunganisha mambo ya 1953 na ya 1956 kuwa siku moja, bila nia yoyote mbaya. Pia kuna ukimya. Katika nyumba nyingi ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine homgadi, na watoto wao wamepakana mashamba hadi leo. Usimlazimishe mtu. Kaa naye tena siku nyingine, na kabla ya kurekodi mwombe ruhusa.

Ukiwa hapo, omba kuona sanduku. Kipande, risiti ya kodi, karatasi ya kuachiliwa, barua kutoka kambini: vitu hivi vina nambari na mihuri, na nambari moja ya kambi ina thamani kuliko saa nzima ya kubahatisha kwenye katalogi.

Makavazi ya Kitaifa, Nairobi

Hili ni jengo la Moi Avenue lililokuwa Bank of India. Makavazi yenyewe yalianzishwa mwaka 1965. Wapita njia wanalijua kwa jumba la sanaa la Murumbi lililoko chini, lakini kinachokuhusu wewe ni chumba cha kusomea. Utajisajili na kitambulisho, utalipa ada ndogo, utatafuta kwenye katalogi, utajaza fomu ya kuombea faili na kungoja liletwe.

Ikiwa babu alihukumiwa kifo, hapa ndipo pa kwenda na usipoteze muda kwingine. Kesi hizo zilikuwa chini ya wizara ya sheria, na mafaili yake ndiyo aliyoyatumia Anderson. Faili zuri lina shtaka, maelezo ya mashahidi, utetezi wa mshtakiwa kwa maneno yake mwenyewe kama yalivyotafsiriwa, maoni ya wazee wa baraza waliokaa na jaji, hukumu, rufaa ikiwa ilikatwa, na uamuzi wa Gavana kama amsamehe au la. Ni karatasi ngumu kusoma, na ni karatasi zenye sauti yake. Katika mambo yote ninayoyalinganisha hapa, hakuna kinachomrudisha mtu karibu nawe kama kurasa mbili za utetezi wake.

Jiandae kwa namna majina yalivyoandikwa. Utakuta "Kamau s/o Njoroge", yaani mwana wa Njoroge, na kwa wanawake "w/o" au "d/o", mke wa au binti wa. Karani aliandika alivyosikia: Wanjohi akawa Wanjoi, Gĩthĩnji akapoteza herufi. Tafuta kila namna unayoweza kuifikiria. Murang'a imeandikwa Fort Hall, na lokesheni zake zilikuwa na nambari, kwa hiyo mtu wa kwenu anaweza kuwa ameandikwa "Location 12" tu. Nyahururu ni Thomson's Falls. Kijiji hakitajwi sana, chifu hutajwa.

Ikiwa babu alizuiliwa bila kesi, matarajio yapunguze. Mafaili ya kambi yamejaa hesabu za watu, chakula, magonjwa, zana za kazi na safari za treni. Orodha za majina zipo hapa na pale, lakini usizitegemee. Kuna kitu kimoja chenye matumaini zaidi: barua. Wazuiliwa waliandika malalamiko kwa wingi, kwa Gavana, kwa wakuu wa magereza, kwa wabunge wa Uingereza, wakaeleza kupigwa, kunyimwa maji, kufanyishwa kazi kwa nguvu. Waliotia sahihi waliandika majina yao, na baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa. Ndiyo maana nasema jina la kambi ulipate kwanza kwa wazee. Utaomba mafaili ya kambi hiyo na ya miaka hiyo, na kusoma barua zote.

Onyo moja kabla ya kufungua faili la kesi. Utakuta "kukiri kosa" kwa babu yako. Kumbuka jinsi maungamo yalivyopatikana katika vituo vya mchujo, kwa kipigo na kwa mateso mabaya zaidi, na usisome karatasi ile kana kwamba aliiandika akiwa amekaa kwenye kiti. Utakuta pia majina ya mashahidi, na huenda mmoja ni babu wa jirani yenu au wa mke wako. Amua mapema utafanya nini na jina hilo. Mimi naona halina kazi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Gazeti Rasmi: kwa waliopoteza shamba

Hii ndiyo njia inayosahaulika, na haihitaji nauli. Mwaka 1953 serikali ilitunga sheria ya kutaifisha ardhi ya wale iliowatangaza kuwa wameshiriki au kusaidia upinzani wa silaha. Amri za kuwanyang'anya haki ya ardhi zilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, zikiwa na jina la mtu, jina la baba yake na mahali anakotoka. Matoleo ya miaka hiyo yamewekwa mtandaoni bure kwenye Google Books, na unaweza kutafuta neno ndani yake hata kwa simu.

Andika jina la babu pamoja na "s/o", kisha jina la baba yake peke yake, kisha lokesheni. Usikate tamaa ikiwa mashine haikupata kitu, kwa sababu chapa ya zamani husomwa vibaya. Fungua matoleo ya 1954 na 1955 uangalie orodha kwa macho yako.

Lakini uelewe kinachopatikana hapo. Wengi waliopoteza mashamba hawakutajwa katika amri yoyote. Walikuwa kambini wakati mashamba yalipopimwa upya na kuunganishwa, kazi iliyoshika kasi baada ya mpango wa kilimo wa serikali ulioitwa wa Swynnerton, wa 1954, na kamati zilizogawa ardhi zilikuwa mikononi mwa watiifu kwa serikali. Aliyepoteza shamba kwa njia hiyo hatafutwi kwenye Gazeti. Anatafutwa kwenye kumbukumbu za ardhi za wilaya na kwa majirani wa mipaka. Familia nyingi husema "shamba lilitaifishwa" kumbe lilikwenda wakati wa upimaji. Ukishajua ni lipi kati ya hayo mawili, umejua mlango wa kubisha.

London

Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, ilibainika kwamba mafaili yaliyohamishwa kutoka koloni mbalimbali yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Ya Kenya yalikuwa yapata 1,500. Tangu 2012 yamefunguliwa kwa awamu katika makavazi ya taifa ya Uingereza yaliyoko Kew, London, chini ya alama FCO 141. Habari hiyo ilitangazwa sana, na ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba babu zao wote wako Kew.

Hawako. Mafaili yale ni ya watawala wakizungumza na watawala: sera ya kambi, barua za mwanasheria mkuu, mabishano kuhusu kipigo gani kihesabiwe halali. Kwa kesi mahakamani yalikuwa dhahabu, kwa sababu yalithibitisha kwamba wakubwa walijua. Kwa mtu anayetafuta babu mmoja wa Mukurweini, uwezekano wa kukutana na jina lake ni mdogo, isipokuwa alikuwa kiongozi, au kifo chake kilizua maswali bungeni. Tena kuna mafaili yaliyochomwa kabla ya uhuru ili yasimwaibishe Mwingereza, na hayo hayako Kew wala Nairobi.

Kwa hiyo, ikiwa unaishi Kenya, usikate tiketi. Katalogi ya Kew inasomwa bure mtandaoni. Tafuta jina la kambi, la wilaya na la babu, na ukipata faili linalokuhusu kweli, omba nakala kwa malipo au mtume jamaa aliyeko kule. Ikiwa tayari unaishi Uingereza, hesabu inabadilika. Kadi ya msomaji ni bure ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na unaruhusiwa kupiga picha kurasa kwa kamera au simu yako bila malipo. Hata hivyo nenda ukiwa na jina la kambi mkononi, na angalia pia mafaili ya zamani ya wizara ya makoloni, alama CO 822.

Walioko Marekani wana njia ambayo hawaambiwi. Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, kina filamu ndogo (microfilm) za nyaraka nyingi za mikoa na wilaya kutoka Makavazi ya Nairobi. Hazina mafaili ya kesi, lakini ripoti za wilaya zitakupa majina ya machifu na vijiji, pamoja na matukio yaliyoikumba lokesheni yenu.

Mimi ningechagua hivi

Babu alinyongwa: wazee kwa muda mfupi, ili upate jina kamili, baba yake na lokesheni, kisha moja kwa moja Moi Avenue. Faili halitakuonyesha kaburi. Walionyongwa walizikwa gerezani bila alama, na hata familia ya Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, haikukabidhiwa mwili.

Babu alizuiliwa bila kesi: wazee kwa muda mrefu, na ndipo barua za kambi Nairobi. Tenga muda wako mwingi kwa watu, kidogo kwa karatasi.

Babu alipoteza shamba: Gazeti Rasmi usiku huuhuu, halafu nyumbani.

Hujui alipewa adhabu gani: usiende ofisi yoyote bado. Mtafute mtu aliyekuwa naye kambini au mtoto wa mtu huyo, hata kama yuko kaunti nyingine.

Na kama unatafuta kwa ajili ya fidia, ujue hali ilivyo kabla hujatoa hata shilingi. Malipo ya Juni 2013, pauni milioni 19.9, yalikuwa ya wadai 5,228 waliokubaliwa katika suluhu ile. Kesi nyingine ya wadai zaidi ya 40,000 ilitupwa na mahakama ya London mwaka 2018 kwa sababu muda ulikuwa umepita. Anayekuja kijijini na daftari akidai ada ya "kuandikisha babu" ili mlipwe na Uingereza, mnyimeni pesa na mnyimeni nakala za vitambulisho pia.